Mto Mkavu ni Mto: Mwongozo wa Maji na Ardhi kwa Anayetaka Kuchimba Chiola

Mwezi wa Oktoba, mito mingi ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, haina maji ya kuonekana. Kinachobaki ni mchanga, mizizi inayoning'inia ukingoni, na vishimo ambavyo kina mama wamevifukua ili wachote maji yaliyojificha chini. Mgeni anayetafuta dhahabu akipita hapo huona mahali pazuri pa kuweka mwalo wake wa kuoshea mchanga: pako tambarare, ni rahisi kuchimba, na maji hayako mbali. Anafunga karasha la kusagia mawe, anachimba kidimbwi cha kuoshea, anarundika kifusi pembeni. Desemba mvua inafika, na usiku mmoja tu mto unarudi kudai njia yake. Kukipambazuka kidimbwi hakipo na kifusi hakipo. Vyote vimekwenda kwa watu wa chini.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye Chiola au kijiji chochote cha wilaya hizi mbili: mchimbaji mdogo mwenye leseni au anayeitafuta, mwenye shamba aliyefuatwa na wachimbaji, au mjumbe wa halmashauri ya kijiji unayeombwa kugonga muhuri. Unahusu mambo mawili yanayoshughulikiwa katika ofisi tofauti, ilhali huku shambani ni jambo moja: kibali cha maji, na kuirudisha ardhi katika hali yake. Udongo uliovurugwa humfikia jirani ukiwa ndani ya maji. Na shimo lililoachwa wazi, msimu wa kwanza wa mvua huligeuza bwawa ambalo hakuna aliyeliomba. Kwa hiyo panga kufukia kabla hujachimba, na tafuta kibali cha maji kabla hujanunua pampu.

1. Kwanza tembea

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, lizunguke eneo lako kwa miguu wakati wa kiangazi. Maji ya Nachingwea na Ruangwa huelekea hasa upande wa Mto Mbwemkuru kwa kaskazini na Mto Lukuledi kwa kusini, na mito yote miwili huishia Bahari ya Hindi. Jua eneo lako linamwaga upande gani, na kati yako na mto huo kuna kisima cha nani, bustani ya nani, na mifugo ya nani inayonywa maji.

Waulize wazee maswali matatu. Maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa? Chemchemi ipi haikauki? Wakati wa kiangazi watu huchimba maji mchangani sehemu gani? Majibu yao yachore kwenye karatasi. Baadaye mtaalamu akija na ramani yake, mchoro wako ndio utakaomwonyesha kile ambacho satelaiti haikioni.

Kumbuka pia kwamba kusini kuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Maji yote ya mwaka hushuka ndani ya miezi hiyo, kisha watu huishi kwa akiba. Mchanga wa mto ndio tangi la akiba hiyo. Zebaki au tope la sumu likiingia mtoni mwezi wa Machi haliishii baharini lote. Sehemu yake hukaa mchangani, na Oktoba mtu huja kufukua hapohapo na kata yake. Ndiyo maana mto mkavu uupe heshima ileile ya mto unaotiririka.

2. Karatasi tatu, milango mitatu

Wachimbaji wengi huamini kwamba wakishapata leseni ya madini wamepata kila kitu. Sivyo. Leseni inakupa haki ya madini yaliyo chini. Haikupi maji, wala haikufanyi mwenye shamba.

Mlango wa kwanza ni Tume ya Madini, kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako. Hapo hutolewa leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kwa Sheria ya Madini ya 2010 ni ya Watanzania peke yao na hudumu miaka 7, nayo huweza kuhuishwa. Shughuli zenye mtaji mkubwa huhitaji leseni ya uchimbaji wa kati au leseni maalumu. Sheria hiyo ndiyo inayotawala dhahabu na kinywe (grafiti) cha Lindi, na ndiyo hiyohiyo inayotawala makaa ya mawe ya Ngaka kule Mbinga. Anayehama kutoka makaa ya Ruvuma kuja kuchimba huku asidhani amebadilisha sheria.

Mlango wa pili ni wa mazingira. Mchimbaji mdogo anatakiwa kuandaa Mpango wa Hifadhi ya Mazingira chini ya kanuni za mwaka 2010 zinazowahusu wachimbaji wadogo. Mpango huo hueleza eneo lilivyo sasa, litakavyoathirika, na namna utakavyolirudisha. Mradi wa kati na mkubwa hufanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira na kupata cheti kupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Usinakili mpango wa mtu wa Geita ukabadilisha jina tu. Mkaguzi akisoma kwamba eneo lako liko karibu na Ziwa Victoria, atajua hujawahi kulitembea.

Mlango wa tatu ndio unaosahaulika zaidi: Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao makuu Mtwara. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na wilaya zako zote mbili zimo katika bonde hili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni mali ya umma. Kisima ukichimba mwenyewe, mto ukipita shambani kwako, au bwawa likijaa mvua ndani ya leseni yako, bado maji hayo huyatumii kwa biashara bila kibali. Na sheria imepanga foleni: kwanza maji ya watu ya nyumbani, pili maji ya kulinda mazingira yenyewe, ndipo watumiaji wengine. Mchimbaji anasimama nyuma ya ndoo ya mama. Ukielewa hilo mapema, maombi yako utayaandika vizuri zaidi.

3. Kibali cha maji, hatua kwa hatua

Vibali ni zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina kazi yake. Kuna kibali cha kutumia maji, yaani kuyachota mtoni, bwawani au kisimani. Kuna kibali cha kuchimba kisima kirefu. Na kuna kibali cha kutiririsha majitaka, kwa yeyote atakayeyarudisha maji yaliyotumika kwenye mto au ardhini.

*Hatua ya kwanza: piga hesabu ya mahitaji.* Usiandike "maji ya kutosha". Kama unajaza tangi la lita 5,000 mara tatu kwa siku, hiyo ni lita 15,000, sawa na mita za ujazo 15. Kisha jiulize ni kiasi gani utakirudisha kwenye mzunguko. Mwalo unaotuamisha tope na kuyatumia tena maji yaleyale huomba kidogo, hulipia kidogo, na hugombana na watu wachache.

*Hatua ya pili: taja chanzo.* Andika jina la mto au mahali pa kisima, na vipimo vyake vya GPS. Simu yako inaweza kukupa. Kwa kisima kirefu, anza na utafiti wa maji chini ya ardhi, na mchimbaji wa kisima awe na leseni ya Wizara ya Maji. Akimaliza, dai taarifa yake: kina, aina ya miamba, kiwango cha maji, na wingi yanavyotoka. Taarifa hiyo ni mali yako, na utaihitaji miaka mingi baadaye.

*Hatua ya tatu: pita kijijini.* Onana na Mtendaji wa Kijiji, kamati ya maji, na jumuiya ya watumia maji kama ipo. Usingoje pingamizi likufuate ofisini Mtwara. Lisikilize likiwa bado swali la kikaoni. Angalia pia kama chanzo chako kiko juu ya bomba au kisima cha mradi wa maji wa umma, maana hapo utakuwa umegusa maji ya vijiji vingi kwa mara moja.

*Hatua ya nne: wasilisha maombi, lipia, tunza risiti.* Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya malipo. Anayekutaka umpe ada mkononi hakupi kibali.

*Hatua ya tano: soma masharti.* Kibali hutaja kiasi, chanzo, matumizi na masharti. Ukipewa maji ya kuoshea mchanga, si ruhusa ya kuyauza kwa boza. Mwaka wa ukame, Bodi inaweza kukupunguzia. Pia kuna ada ya matumizi ya kila mwaka. Funga mita kwenye pampu yako, la sivyo utabishana na mkaguzi kwa kukisia.

Kuhusu majitaka, njia nyepesi ni kuhakikisha huna majitaka ya kutiririsha: maji yote yazunguke ndani. Lazima yatoke? Basi omba kibali, na yapimwe maabara yafikie viwango vya taifa kabla hayajavuka mpaka wa eneo lako.

4. Mita za kukumbuka

Nunua kamba ya mita 30, itie fundo kila mita 10, uende nayo.

- Mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ufuko wa ziwa. Sheria ya Mazingira inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo, ndani ya umbali huu. Pimia kutoka ukingoni, pale mto unapofika ukijaa. Usipimie kutoka kwenye kijito chembamba cha Septemba. Korongo linalotiririka wiki tatu tu kwa mwaka nalo lipimie vivyo hivyo.
- Mita 200 kutoka nyumba. Ndani ya hapo unahitaji ridhaa ya maandishi ya anayeimiliki kihalali.
- Mita 100 kutoka josho la mifugo au bwawa. Hapo pia ni ridhaa ya maandishi.
- Mita 50 kutoka shamba lililolimwa au lenye mazao. Kwa Chiola hii ina maana mikorosho, ufuta na mbaazi. Mkorosho hauhami, na mwenye nao huuza mavuno yake kwa stakabadhi ghalani kupitia chama cha msingi. Thamani yake imeandikwa mahali. Usije na bei ya kukadiria kwa macho.
- Makaburi si suala la mita wala la ridhaa ya mtu mmoja. Kaa mbali nayo.

Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya uongozi wa kijiji, na iseme nani atafukia, lini, na ardhi irudishwe ikiwa na hali gani. Mkataba unaotaja mgawo wa mawe peke yake ni nusu ya mkataba.

5. Hesabu ya mvua

Hesabu hii ndogo ingeokoa mialo mingi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo inaweza kushuka kwa alasiri moja ya masika, ikianguka kwenye hekta 1 huleta mita za ujazo 500. Kidimbwi chako cha mita 10 kwa 10 chenye kina cha mita 2 kinabeba 200 tu. Hata kikiwa kitupu, hakitoshi.

Dawa yake ni kuyazuia maji safi yasiingie, kwa kuwa kidimbwi hakitaweza kushindana na mvua kwa ukubwa. Chimba mfereji wa kuchepushia maji upande wa juu wa eneo lako, uyazungushe maji ya mvua yapite pembeni, na uyateremshe polepole kwenye majani. Maji yaliyoangukia ndani ya eneo la kazi peke yake ndiyo yaende kwenye kidimbwi cha kutuamishia tope. Vidimbwi viwili vinavyofuatana vinashinda kimoja kikubwa: cha kwanza kinashika mchanga, cha pili kinashika tope laini. Vizibue kabla ya Novemba. Kidimbwi kilichojaa tope tangu mwaka jana ni ukumbi wa kupitia tu.

6. Udongo wa juu ni mtaji

Nachingwea inajua kinachotokea mashine zinapoitangulia akili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga, na Nachingwea, pamoja na Kongwa na Urambo, ikafyekwa kwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na baadaye hata reli iling'olewa. Kufyeka ni kazi ya wiki chache, ila rutuba iliyopotea huchukua miaka mingi kurudi.

Kwa mchimbaji, somo liko kwenye sentimita 20 au 30 za juu. Humo mna mboji, mbegu, mizizi na wadudu wanaoufanya udongo uwe hai. Chini yake ni udongo mfu. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kugusa mwamba:

1. Kwangua udongo wa juu ukiwa mkavu, uuweke peke yake, juu ya mteremko, mbali na njia ya maji na magari.
2. Tuta lisizidi mita 2 kwa kimo. Likizidi, ndani yake hukosa hewa na kufa.
3. Lipande kunde au mbaazi. Zinashikilia udongo, zinaongeza naitrojeni, nawe unapata kitoweo.
4. Kifusi cha chini na mawe ya taka, magwangala, viwe na rundo lao. Marudio, yaani mabaki ya mchanga na tope baada ya kuosha, nayo yawe na mahali pake. Marundo matatu yasichanganyike.

Mchimbaji aliyechanganya marundo akitaka kufukia hujikuta ameweka udongo wenye rutuba chini ya mita 5 za mawe, na mawe juu ya shamba.

7. Rundo, tope na tindikali

Usirundike kifusi juu ya chemchemi au kwenye bonde la maji, hata liwe kavu leo. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, rundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe lililokuwa limewekwa juu ya chemchemi mlimani lilishiba maji, likateleza na kufunika shule. Watu 144 walikufa, 116 kati yao wakiwa watoto. Wenyeji walijua kwamba pale pana maji. Ndiyo sababu nimekuambia uwaulize wazee.

Nyumbani pia tuna mafunzo. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka eneo la mgodi yaliingia Mto Tigithe, Tarime. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi. Bwawa la tope ni bwawa kama mabwawa mengine, na ujenzi wake unasimamiwa chini ya kanuni za usalama wa mabwawa za Wizara ya Maji. Mhandisi aliyesajiliwa anahitajika hapo. Fundi wa matofali hatoshi.

Tindikali inatoka wapi? Makaa ya mawe, miamba mingi ya dhahabu, na hata miamba ya kinywe huwa na madini ya salfaidi, hasa yale ya manjano yanayong'aa na kuwadanganya wageni kwamba ni dhahabu. Yakiwa chini hayana neno. Yakitolewa nje yakakutana na hewa na maji, hutengeneza tindikali, nayo tindikali huyeyusha metali nyingine na kuzipeleka kisimani. Karibu na uso wa ardhi, mwamba mara nyingi umeshaoza na salfaidi zake zimekwisha, hivyo mwaka wa kwanza unaweza kuona maji safi. Shida huanza unapoufikia mwamba mgumu wa chini. Dalili zake ni maji kuacha rangi ya kutu kwenye mawe, na vyura na samaki wadogo kutoweka. Karatasi za kupimia tindikali ni za bei nafuu. Pima kila wiki na uandike. Mawe yenye kung'aa kwa manjano yatenge, yawekwe juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na yawe ya kwanza kurudi chini ya shimo siku ya kufukia.

Kuhusu zebaki, maneno ni machache. Isitumike kamwe mtoni, kisimani wala nyumbani. Kidimbwi cha kuoshea kisakafiwe au kitandikwe turubai zito lisilovuja. Na uchomaji ufanyike kwa chombo cha kunasia mvuke. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kuipunguza na kuiondoa, hivyo anayejifunza leo njia zisizoitumia anajiandaa kwa kesho. Sayanaidi si ya mwalo wa kijijini: ina leseni yake ya uchenjuaji, wataalamu wake na masharti yake.

8. Kufukia kwa zamu

Usingoje mgodi uishe. Gawa eneo lako vipande. Ukifungua cha pili, kifusi chake kifukie cha kwanza. Hivyo hubebi mzigo uleule mara mbili.

Angalia gharama. Shimo la mita 20 kwa 15 lenye kina cha mita 6 ni mita za ujazo 1,800. Kwa lori la mita za ujazo 10, hizo ni safari 180. Kila hatua uliyokisogeza kifusi mbali na shimo utailipia tena siku ya kukirudisha. Kumbuka pia kwamba udongo uliochimbwa huvimba, na ukirudishwa hushuka taratibu. Jaza kwa matabaka, shindilia, na acha kichuguu kidogo juu ili mvua za mwaka mmoja zikisawazishe.

Mpangilio ni huu: mawe yenye tindikali chini kabisa, magwangala juu yake, kifusi laini, mfinyanzi kama unapatikana, na mwisho udongo wa juu uliouhifadhi. Miteremko iliyobaki ilazwe: kwa kila mita 1 ya kimo, mita 3 za ulalo. Weka makinga maji yanayofuata usawa wa ardhi, si yanayoteremka nayo.

Mwaka wa kwanza panda majani na mbaazi; mizizi yake huenda chini sana na kuufungua udongo ulioshindiliwa. Mikorosho ifuate mwaka wa pili au wa tatu, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Mahali palipokuwa na zebaki au sayanaidi usipande chakula kabla udongo haujapimwa. Panda miti ya kuni na nguzo.

Kuna shimo ambalo kijiji kitaomba libaki liwe lambo la mifugo. Linawezekana, kwa masharti: maji yapimwe, ukingo mmoja ulazwe ili ng'ombe na mtoto waweze kutoka, uzio uwekwe, na Bodi ya Bonde itoe kibali, kwa kuwa sasa ni bwawa. "Tumewaachia bwawa" lisiwe jina jipya la kukimbia kazi. Maduara membamba yanayoshuka wima hayana mjadala: yafukiwe yote.

9. Fedha ya kufukia itoke lini?

Itoke sasa, wakati mawe yanalipa. Marekani ilijifunza hilo kwa machungu baada ya makampuni ya makaa ya mawe kuondoka na kuacha milima imechanwa. Sheria yao ya mwaka 1977 inamtaka mchimbaji wa makaa aweke dhamana kabla ya kupewa kibali, na dhamana hiyo hairudishwi mpaka ardhi irudi katika hali yake. Tanzania nayo inawataka wenye migodi ya kati na mikubwa wawe na mpango wa ufungaji mgodi na hati fungani ya ukarabati wa mazingira. Mgodi wa Golden Pride wa Nzega, uliofungwa kuelekea mwaka 2014, unaonyesha kwamba mgodi unaweza kuwa na kesho: eneo lake lilikabidhiwa Serikali na kutumiwa na Chuo cha Madini.

Mchimbaji mdogo ajiwekee hati fungani yake mwenyewe. Kadiria gharama za safari zile 180, uzigawe kwa miezi ya kazi, na kila mauzo yakifika mkate sehemu iingie kwenye akaunti inayohitaji sahihi mbili, ya kwako na ya kijiji. Kikundi kinachogawana kila kitu jioni hakina cha kufukia asubuhi.

10. Kama anayechimba ni kampuni

Ruangwa imeshazoea majina ya miradi ya kinywe: Lindi Jumbo, Chilalo, Nachu. Nachingwea inalijua jina la Ntaka Hill kwa ajili ya nikeli. Kinywe husafishwa kwa maji mengi, na tope lake hubaki baada ya mashine kuondoka. Kama kijiji chako kiko karibu na mradi wa namna hiyo, fanya haya.

Omba mambo manne kwa barua kupitia halmashauri ya kijiji: cheti cha mazingira na masharti yake, vibali vya maji pamoja na kiasi kilichoruhusiwa, mpango wa ufungaji mgodi, na majibu ya vipimo vya maji kwa kila robo mwaka. Yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na mtu anayeweza kuulizwa.

Usichanganye zawadi na wajibu. Darasa na zahanati ni huduma kwa jamii, na kijiji kishukuru kikizipata. Haviondoi deni la shimo wala la bwawa la tope.

Kisha anzisha daftari la kisima, leo, kabla ya mradi kuanza. Kila tarehe 1 ya mwezi pima kwa kamba umbali kutoka mdomo wa kisima hadi usawa wa maji. Andika rangi, harufu na ladha. Jaza chupa inayopitisha mwanga, iache saa moja, uipige picha karibu na gazeti la siku hiyo. Watu wawili watie sahihi. Kisima kikikauka au kikibadilika miaka mitatu baadaye, kampuni itakuja na wataalamu wake na Bodi itauliza hali ilikuwaje zamani. Kumbukumbu ya kichwani itabishaniwa, lakini daftari litasomwa.

11. Kabla ya sepetu ya kwanza

Soma orodha hii mbele ya wenzako, na asiyeweza kujibu "ndiyo" asubiri.

- Nimelitembea eneo wakati wa kiangazi na wazee wamenionyesha mto unapofika ukijaa.
- Nina leseni, na mpango wangu wa mazingira unataja Chiola halisi.
- Nina kibali cha maji kinachotaja kiasi na chanzo, na pampu yangu ina mita.
- Nimepima mita 60, 200, 100 na 50, na nina ridhaa za maandishi.
- Mfereji wa kuchepusha maji na vidimbwi viwili viko tayari kabla ya Novemba.
- Udongo wa juu umekaa peke yake na umepandwa kunde.
- Marudio na mawe ya manjano yana mahali pake pasipovuja.
- Akaunti ya kufukia imefunguliwa na ina fedha.
- Kijiji kina nakala ya karatasi zote hizi.

Mvua ya kwanza ya Desemba ikinyesha, usilale. Chukua tochi na chupa, ushuke hadi pale maji ya eneo lako yanapokutana na mto, uchote, uinyanyue kwenye mwanga. Kisha panda juu ya mgodi wako, uchote maji kabla hayajafika kwako, uweke chupa mbili pamoja. Kama hazifanani, alfajiri urudi na sepetu kwenye kingo za vidimbwi vyako, kabla mtu wa chini hajaamka kwenda kuchota.